Kindi Wanaozaa Asubuhi

Kulikuwa na majuma ambayo nililala chali katika chumba changu nyumbani kwa mama, Mansfield, Texas, nikijiuliza kama kindi wetu wanazaa asubuhi kweli au ni mimi niliyewazalisha asubuhi. Ukilisoma swali hilo mchana, linachekesha. Lakini juu ya jibu lake nilikuwa nimejenga miaka miwili ya kazi, hotuba niliyotakiwa kuitoa Houston, na ombi letu la kuendelea kuwatunza wanyama wenyewe. Jibu likiwa bovu, chumba cha kindi kingeweza kufungwa, na mtu mmoja niliyemheshimu angerudi kupanga maboksi ghalani.

Nawaandikia ninyi mnaokichukua chumba hicho baada yangu. Wenzangu wamenikatia keki yenye maandishi ya kumuaga mstaafu, na mama yangu ameicheka mpaka akafuta macho, kwa kuwa mstaafu mwenyewe bado analala kwenye kitanda alichonunuliwa akiwa sekondari. Ninaenda kufundisha biolojia. Hata hivyo, mtu akiacha kazi aliyoifanya kwa mikono yake ameistaafu, awe na mvi au asiwe nazo. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, zisingejaza mstari.

Maabara mnaijua: lile jengo la upande wa Plano ambalo kwa nje ungedhani wanauza bima. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikakaa garini nikifanya mazoezi ya kusalimia. Nilipoingia nilisikia mlio mkali, chip-chip-chip, usiokatika, nikawa na hakika kuna ndege amenaswa darini. Nikamwandikia Profesa, mkuu wa maabara, ujumbe wa adabu kumjulisha. Akajibu kwa neno moja: kindi. Aibu ya ujumbe ule nilitembea nayo hadi Krismasi.

Profesa ni mama wa Texas mwenye sauti ya chini, mla karanga, ambaye kila mtu humwita kwa jina lake la kwanza. Mimi nilimwita Profesa, naye akachoka kunikataza. Alinionyesha chumba, akaniambia nisiguse kitu chochote kwa wiki nzima. "Kaa uwatazame tu," alisema. Mtu mwenye wasiwasi kama wangu akipewa wiki nzima ya kutazama huanza kujitazama mwenyewe. Lakini siku ya tatu hivi nilijisahau, na hapo ndipo nilipoanza kuwaona.

Kindi mdogo wa minazi hafanani na yule mnene wa Texas anayeiba mbegu za ndege uani kwenu. Huyu anatoshea kiganjani. Ana mistari mitatu iliyofifia mgongoni, masikio mafupi, na mkia anaoupiga kila anapopiga kelele, kama mtu asiyeweza kugombana bila mikono. Asili yake ni Asia Kusini, anakoishi katika minazi, bustani na mapaa ya watu. Wetu wamezaliwa vizimbani na hawajawahi kuuona mnazi. Mnazi pekee waliokuwa nao ni nyuzi za makumbi tulizowapa za kujengea viota. Msije mkawapa pamba. Pamba humfunga kitoto mguu mpaka mguu ukafa.

Aliyenifundisha mambo ya aina hiyo ni Mama Furaha, mtunza wanyama. Yeye alitoka Kivu Kusini, Kongo, akakaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, kisha Fort Worth, kisha ghala moja lililomharibu magoti, na mwisho akaja kwetu. Siku ya kwanza alinisikia nikizungumza na mama kwa simu koridoni, akasimama na ndoo yake.

"Weye uko Mkenya?"

"Ndiyo, mama."

"Kiswahili yenu inakimbia sana. Lakini haina shida, tutakufundisha." Kisha, bila kuvuta pumzi: "Usishike mukia. Hata siku moja. Ngozi itabakia mu mukono yako na yeye atakimbia na mufupa."

Ni kweli. Ngozi ya mkia wake huchomoka kama soksi. Mshikeni kwa mfuko wa kitambaa ulioshonwa kama pembe: anaingia kichwa mbele kwa kudhani ni shimo, anafika mwisho mwembamba, anatulia. Hapo unampima uzito, unamtazama tumbo na chuchu, unamrudisha. Glavu za ngozi nilizinunua mwenyewe, nene, nikajiona mtaalamu. Mama Furaha alizitazama akasema zinafaa kwa kuku. Alikuwa sahihi kwa nusu: zilinizuia kuhisi mbavu zao, na bado waliniuma kupitia kwenye mshono.

Majira yangu ya kwanza ya joto, mtambo wa kupoza hewa ulikufa mwezi wa nane. Mlioishi hapa mnajua maana yake. Kindi walijilaza kifudifudi juu ya mbao, miguu imetandazwa pande nne, kama ngozi zilizoanikwa. Nilikuwa nasoma mwongozo wa dharura kwa mara ya pili, kuhakikisha sijaukosea, Mama Furaha alipoanza kuzifunga chupa za barafu kwa taulo na kuzipanga kando ya vizimba. Alizipanga pia upande wa mafuta ya kupikia ya jikoni kwetu, kwa sababu aliamini mafuta yakipata joto hutoa sumu, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo. Hatukupoteza mnyama hata mmoja. Mafuta nayo yalipona.

Sasa niwaeleze kuhusu saa.

Profesa alikuwa akitafuta kinachoongoza uzazi wa kindi hawa: mwanga, chakula, au ukaribu wa dume. Mimi nilipewa kipande kidogo cha swali hilo: jike huzaa wakati gani wa siku? Ni rahisi kuuliza. Sanduku la kiota halifunguliwi, maana mama akishtuka anaweza kuvihamisha vitoto au kuvila. Kamera tulijaribu. Jike wa kwanza aliifunika kwa nyuzi, wa pili akaitafuna waya. Kilichobaki kilikuwa sikio. Mama Furaha ndiye aliyekuwa akifungua chumba alfajiri, kabla taa za vizimba hazijawaka, na kuweka sikio kwenye kila sanduku lenye jike mzito. Vitoto vikiwepo, husikika mlio mwembamba kama kiatu kipya.

Tukakubaliana kwamba akisikia tu, ananitumia ujumbe wa sauti. Saa hizo mimi nilikuwa njiani natoka Mansfield, nimekwama barabarani pamoja na nusu ya Texas. Ujumbe ulikuja kila mara kwa sauti ileile ya furaha: "Bonjour, binti! Ule wa kizimba ya dirisha anazala!"

Anazala. Yaani anazaa. Yaani yuko katikati ya kuzaa, sasa hivi, taa zikikaribia kuwaka. Nikifika ofisini niliandika saa ya ujumbe kuwa saa ya kuzaa, na nafsi yangu ikatulia, jambo lisilo la kawaida kwake. Kiingereza kilimchosha Mama Furaha, na mimi nilijivunia kwamba ripoti zetu zinapita kwa Kiswahili bila kupotea njia. Nilidhani tofauti yote kati yetu ni ile herufi L.

Nukta zilipoongezeka kwenye grafu zikajikusanya mahali pamoja, alfajiri, zimebanana vizuri kiasi kwamba Profesa alisahau karanga zake mezani. Kwa nini mnyama wa mchana azae wakati ambao wenzake wanaamka kula? Nikaandika maelezo. Kiota kina joto zaidi saa hizo. Madume yana shughuli kwenye vyombo vya chakula. Mama anapata siku nzima ya kunyonyesha kabla ya giza. Kila maelezo yalikuwa mazuri. Nikaalikwa kuzungumza Houston, mbele ya watu ambao wangeamua kama mradi unapewa maisha mengine. Kila mtu alijua wanakuja kuiona grafu ile.

Majuma machache kabla ya safari, jike wetu mzee kuliko wote, tuliyemwita Bibi, alianza kukonda. Asubuhi moja nikiwa tayari kwenye maegesho ya maabara nikapokea sauti, safari hii bila bonjour: "Binti, Bibi anakufa."

Nilikimbia. Nilimwita daktari wa mifugo kutoka ghorofa ya pili, akaja mbio na mtungi mdogo wa hewa na blanketi la umeme. Tulimkuta Mama Furaha jikoni, anakunywa chai kwa mandazi.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Bibi!"

"Mu frigo."

"Umemweka kwenye friji na anakufa?"

"Sasa nimuweke wapi? Mu kitanda yangu?"

"Mama Furaha, daktari amekuja kumwokoa!"

"Kumuokoa namna gani? Minakuambia anakufa!"

"Anakufa ama amekufa?"

"Njo ile ile!"

"Si ile ile! Anakufa, bado anapumua!"

"Kama bado anapumua nitasema iko nakufa." Akaweka kikombe chini. "Weye, Kiswahili mulisomea wapi?"

Daktari, asiyejua neno hata moja, alimtazama yeye, akanitazama mimi, akafungua friji, akaelewa, akarudi ghorofani na mtungi wake. Mama Furaha akaanza kucheka. Mimi pia nilicheka, muda mfupi. Kisha nikazikumbuka jumbe zake zote za alfajiri.

"Mama Furaha. Ukisema anazala, vitoto viko wapi?"

"Viko inje, binti. Vinanyonya. Mama anamaliza kulamba, analala. Anazala."

"Si kwamba ndiyo anaendelea kuzaa?"

"Iko nazala? Nani ataona kama iko nazala? Sanduku si imefungwa?"

Basi. Kwake "anazala" ni jambo lililokwisha, kama vile ambavyo alikuwa akiniambia kila jioni "minachoka" nami nikimhurumia kwamba anaanza kuchoka. Vitoto vilikuwa vimezaliwa wakati wowote wa usiku. Kilichobanana pale alfajiri kwenye grafu yangu kilikuwa ratiba ya zamu ya Mama Furaha.

Ninyi mtasema, si urudi kwenye jumbe usahihishe? Tulikaa jioni mbili tukizisikiliza. Lakini Mama Furaha alikuwa amekaa nami miaka, na kwa heshima alikuwa ameanza kunisemesha Kikenya. Zipo jumbe alizosema "amezaa." Zipo alizosema "anazaa," bila L, na kwa mbali unasikia jike akihangaika ndani ya sanduku.

"Hii nilisema ya kwako ama ya kwangu?" alijiuliza, sikio kwenye simu. "Sijue, binti. Siwezi kuapa." Akairudisha simu mezani. "Na kule Houston utawaambia nini? Kusema Maman Furaha anaharibu kazi?"

"Hapana, mama."

"Kwa sababu wakifunga hii chumba, mimi narudia depot ya maboksi. Na magoti hii haitaki depot."

Nilimweleza Profesa siku iliyofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nukta ngapi tunaweza kuziokoa, nikasema hakuna hata moja ninayoweza kuiapia. Alizisogeza karanga kando. Akasema kuna njia ya katikati: tunaweza kuiacha grafu, tukaandika chini yake kwamba saa ni za makadirio. Ni kweli, na watu hufanya hivyo. Akasema hotuba ni yangu, niamue mimi, ataniunga mkono kwa vyovyote.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama angenikataza au kuniamuru, ningelala. Nilipanga hoja upande mmoja, nikazipanga upande wa pili, nikazihamisha. Labda kindi huzaa alfajiri kweli, na kosa limeangukia ukweli kwa bahati. Labda maneno madogo chini ya grafu yanatosha. Labda kusema kweli ni kiburi changu tu, na bili ya kiburi inapelekwa kwa magoti ya mtu mwingine.

Mama yangu, ambaye ni nesi na alikuwa akinisikia nikitembea koridoni, alinikalisha mezani kabla ya zamu yake.

"Sisi tukipeana wagonjwa zamu ikibadilika, mtu akiniambia kitu namrudishia palepale. Umesema amekunywa dawa, ama anakunywa sasa? Haijalishi kama ni dadako. Nyinyi watu wa PhD hamuulizani?"

"Sina PhD, mum."

"Ndio maana." Akachukua funguo za gari. "Lakini nikikosea kwa chati, siandiki 'takriban.' Nakata mstari, naandika upya, na-sign."

Nendeni nalo hilo la kurudishiana maneno, ninyi mnaoingia. Ulizaneni, hasa pale mnapoona mnaelewana bila shida.

Tulisafiri kwenda Houston siku moja kabla ya hotuba, mimi na Mama Furaha, kwa sababu binamu yake anaishi Stafford, pembeni mwa Houston, na mtoto wa huyo binamu alikuwa akitolewa kanisani kubarikiwa wikendi ile. Profesa alikuwa ametangulia. Njia nzima hatukuzungumza kuhusu kindi. Nilijifunza majina ya waimbaji wote wa kwaya yao na dhambi za wachache. Stafford tulikuta sombe, yaani kisamvu, samaki na ugali wa muhogo, na nyumba imejaa watoto wanaoulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nakata tonge na kulirudisha.

"Unawaza mpaka chakula inapoa," Mama Furaha alisema. "Acha hiyo grafu. Andika ile maneno kidogo chini, mambo imekwisha. Kindi yenyewe haina saa."

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakuja mtu mwingine, atasoma kwamba wanazaa alfajiri, atazima taa na kuwasha taa mwaka mzima akitafuta kwa nini. Na chumba chetu kitakuwa kimefunguliwa kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Siku wakijua, watakifunga na hawatakifungua tena." Nilishangaa kusikia sauti yangu haitetemeki. "Nataka kuomba kinasa sauti kidogo kwa kila sanduku. Kisikilize usiku kucha. Wewe uwe unakagua kila asubuhi kama kawaida, lakini saa aitoe kitoto mwenyewe anapolia mara ya kwanza."

Alinisogezea bakuli la sombe.

"Na ile ya anazala? Utawaambia?"

"Lazima wajue kosa lilipitia wapi. Lakini sisemi bila ruhusa yako."

"Jina yangu itaitwa?"

"Nitasema sisi wawili."

Akaichambua miiba ya samaki mmoja baada ya mwingine, akaipanga ukingoni mwa sahani.

"Bon. Sema sisi wawili," alisema mwishowe. "Lakini uanze na weye."

Asubuhi nilifungua kompyuta kwenye meza ileile ya Stafford, kati ya vikombe vya chai ya watoto, nikaifuta grafu. Sikuificha nyuma ya nyingine, wala kuihifadhi pembeni kwa tahadhari, kama ilivyo desturi yangu ya kuhifadhi hata risiti za chakula. Nikamtumia Profesa ujumbe kwamba haipo. Akajibu: sawa.

Ukumbini kulikuwa na baridi ya mitambo. Mama Furaha, aliyesema haji, alikuwa safu ya tatu katika kitenge chake cha kanisani, mkoba magotini. Nilisimama. Picha ya kwanza ilikuwa ya Bibi alipokuwa mzima, mkia juu, anamgombeza mpiga picha. Nikawaambia kwamba nilialikwa kuwaeleza saa ambayo kindi wa minazi huzaa, na kwamba saa hiyo hatuijui. Karatasi zilichakarishwa. Mtu mmoja mbele akaweka kalamu chini.

Nikawaeleza kwamba mimi na mwenzangu tunatumia lugha moja yenye nchi nyingi, kwamba kitenzi kimoja kwangu kinaendelea na kwake kimekwisha, na kwamba nilikisikia kwa sikio la kwetu bila kuuliza. Nilianza na mimi. Nikawaonyesha tulichokuwa nacho cha hakika: uzito wa majike, idadi ya vitoto, siku za kufungua macho. Nikawaonyesha mchoro wa kinasa sauti ndani ya sanduku, mahali ambapo meno hayafiki. Kisha nikawaomba mwaka mwingine wa chumba hiki mnachokichukua sasa.